Makali Ambayo Mkwezi Hakuyaomba

Katika siku zote nilizoishi, mwanangu, ipo moja ninayoikumbuka hata nisipotaka: siku niliyonoa kisu cha mtu kwa ufundi wangu wote, na ufundi huo ukakaribia kumuua. Sikukosea kwa uvivu. Ningekosea kwa uvivu ningejisamehe mapema, kwa maana mvivu anajulikana na watu hujihadhari naye. Mimi nilikosea kwa bidii, tena nikiimba. Sogeza hiyo ndoo, kaa, usinikatishe mpaka nifike mwisho. Ukinikatisha nitakupa kisu unoe, na wewe bado hujui hata upande wa kushika.

Mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu alikuwa sajini, mtu wa mbali, na mama yangu ni Mluba wa hapa hapa Kamina. Nilizaliwa Base, ile kambi ya jeshi, nikakulia Base, na kama hujaishi kambini huwezi kujua uzito wa neno ukaguzi. Siku ya ukaguzi kila kitu kiling'aa: viatu, vifungo, mabakuli ya bati, hata mawe ya mlangoni kwetu mama aliyapaka chokaa. Baba alikuwa na msemo mmoja aliotulisha pamoja na uji: "Kazi ya nusu iko uchafu." Alipitisha kidole kwenye ukingo wa sufuria, na ole wako akute sehemu moja imesuguliwa na nyingine imeachwa. Sisemi alikosea. Nasema tu kwamba hayo ndiyo maziwa niliyonyonya.

Baba alipohamishwa, mama alimfuata pamoja na wadogo zangu. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na nilikwisha kuchoka kufunga mizigo, nikabaki mjini kwa Papa Numbi, kaka mkubwa wa mama. Papa Numbi alikuwa mhunzi. Alifua visu karibu na reli, chini ya paa la mabati manne, na fuawe lake lilikuwa kipande cha reli kilichozikwa nusu ardhini. Kwa desturi yao mwanamke hakukaribia moto wala kugusa nyundo. Lakini jiwe la kunolea lilikuwa nje, upande wa pili wa ukuta wa matete, na jiwe halikuwa na mwiko wowote. Basi jiwe likawa langu.

Visu vya Papa Numbi havikuwa vya kutundika ukutani. Havikuwa na nakshi wala kung'aa. Alivifua kwa resori, zile bamba za chuma zinazobeba uzito wa lori chini ya sanduku, na aliacha ubapa wake mweusi vilevile ulivyotoka motoni. Mpini ulikuwa wa mti mwekundu wa mukula, vipande viwili vilivyobana chuma katikati, vikashikwa na misumari ya waya wa shaba iliyogongwa pande zote mbili. Kisu hicho kilikata shina la muhogo, kikapasua kuni, kikavunja mfupa wa mbuzi, kikafungua pipa la mafuta, na kesho yake kikaamka kufanya hayo hayo. Watu walitoka Kabongo na Mulongo kuvitafuta. Mwanamke mmoja wa sokoni alikuwa akisema kwamba kisu cha Numbi unarithi, hununui.

Nami nilikuwa na udadisi, Mungu anisamehe, udadisi wa paka kwenye kikapu cha samaki. Nilitaka kujua kwa nini resori ukiigonga inalia muda mrefu, na msumari mkubwa wa reli ukiugonga unanyamaza papo hapo. Papa Numbi akaniambia, "Ile ya lori ilizoea kupindwa na kurudia. Ile ya reli ilizoea kukaa tu. Weye utafanya kisu na mwenye kukaa tu?" Nilitaka kujua anajuaje kwamba chuma kimeiva, tayari kutumbukizwa ndani ya mawese ya moto ili kiwe kigumu. Alisema anaangalia rangi. Nikamwuliza, na siku ya mawingu je, na siku ya jua kali? Akacheka tu.

Siku moja nikafungua redio mbovu nikatoa sumaku yake, nikamwomba aijaribu kwenye chuma kikiwa motoni, kwa kuwa mimi mwenyewe sikuruhusiwa kusogea. Akaisogeza, na tukaona jambo la ajabu: chuma kilipofika ile rangi yake, sumaku ilikataa kukishika, ikawa kama imegusa mti. Papa Numbi alirudia mara tano. Mzee mzima alifurahi mpaka machozi yakamtoka, akaita majirani waje waone. Tangu siku hiyo aliniita Mama Sumaku, na mimi nikaanza kutembea kichwa juu. Wahenga walisema mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kwangu mimi maji yalianza kuingia siku hiyo, ingawa sikuyaona.

Sasa, Papa Numbi alikuwa na desturi moja iliyonichekesha. Mtu akileta kisu, kiwe cha kutengenezwa au cha kunolewa tu, hakukigusa mara moja. Alikilaza juu ya gunia, akampa mtu maji ya kunywa, halafu akamwambia, "Onyesha na mukono." Na yule mtu, mzee mwenye mvi zake, alisimama akafanya kazi yake hewani bila kisu. Wanawake wa Mulongo walipasua samaki asiyekuwepo. Wake wa askari walikata nyama ya hewa juu ya meza ya hewa. Papa Numbi aliwatazama kiwiko, kifundo cha mkono, mahali kidole gumba kilipokwenda, akitikisa kichwa taratibu. Mimi nilijificha nyuma ya matete nikicheka hadi mbavu kuniuma. Nilijua maswali yote ya chuma, mwanangu, lakini sikuwahi kujiuliza hata swali moja kuhusu mkono utakaokishika.

Ikafika wiki ambayo Papa Numbi alikwenda Mulongo na vijana wake wa nyundo kupeleka visu vya wavuvi. Nikabaki peke yangu. Siku ya pili akaja Mama Ngoie, mke wa Banza. Banza alikuwa mkwezi wa michikichi katika kijiji kimoja cha njia ya Kabongo, mtu aliyejulikana kwa kukata mikungu mirefu ambayo wengine waliiachia ndege. Mke wake alikuja soko na mawese, na mumewe alimpa kisu chake akipitishe kwetu.

"Papa haiko," nikamwambia, nikajigusa kifua. "Mais minyi njo mwenye kunoa. Weka hapa, weye enda soko."

"Banza anasema inakawia kukata," akasema. "Banoe kidogo."

Kidogo. Neno hilo nililisikia kwa masikio haya mawili, likaingia huku na kutokea huku.

Mama Ngoie alipoondoka nikakishika kile kisu. Kilikuwa kazi ya Papa Numbi mwenyewe, kirefu kuliko dhiraa, kizito kwa mbele. Makali yake yalikuwa yamechoka, lakini si hilo lililonishangaza. Karibu na mpini, kwa upana wa vidole vinne, kisu hakikuwa na makali kabisa. Sehemu hiyo ilikuwa butu, nene, tena imelainika na kung'aa kwa kuguswaguswa. Niliitazama nikasikitika. Nikasema moyoni, mzee wangu amezeeka, alichoka kabla ya kumaliza. Au huyu Banza ananoa nyumbani kwa uvivu, hafiki mwisho. Nikamwona baba yangu akipitisha kidole pale, na nikaona aibu kwa niaba ya nyumba yetu nzima.

Basi nikanoa. Nilinoa asubuhi yote. Kuondoa unene wa chuma cha lori, kwa upana wa vidole vinne, kwa jiwe tu si mchezo, mikono ilinivimba, lakini niliendelea nikiimba nyimbo za misa, mpaka makali yakatoka ncha hadi mpini, mstari mmoja usiokatika. Nilijaribu sehemu ile mpya juu ya unywele wangu, ukakatika bila kuvutwa. Nikakifunga kisu kwa kitambaa na uzi, kama tulivyozoea ili kisimkate mbebaji, nikampa Mama Ngoie aliporudi. Hata sikumwambia nilichofanya. Nilitaka Banza afungue mwenyewe ashangae.

Papa Numbi alirudi baada ya siku tatu. Kesho yake asubuhi Mama Ngoie akatokea tena, miguu imejaa vumbi, kitenge kimefungwa ovyo. Mkononi alikuwa na kisu kimoja na kipande cha kamba nene iliyosukwa.

"Papa Numbi, Banza alianguka," akasema, akakaa chini palepale. "Mungu alisaidia, aliangukia makuti. Mais muguu ilivunjika, na mbavu. Kamba ya kupandia ilikatika juu kule."

"Pole, mama. Ilikatika ao ilikatwa?"

"Bantu ba kijiji banasema ilikatwa. Banasema ni Monga."

Monga alikuwa mdogo wake Banza, naye mkwezi. Baba yao alipofariki aliacha michikichi mingi, na ndugu hao walikuwa na ugomvi wa muda mrefu juu ya nani akwee ipi. Mwezi uliopita Monga alisema mbele ya watu, akiwa na hasira, kwamba kaka yake anajifanya mwenye miti yote na siku moja ataanguka nayo. Neno likitoka halirudi. Sasa Banza ameanguka kweli, na wazee wa ukoo walikuwa wamekaa wakataka Monga afukuzwe na mke wake na watoto. Kabla ya kukata shauri walimtuma Mama Ngoie kwa mtu mmoja ambaye jicho lake juu ya visu halikuwa na mpinzani.

"Bazee banasema weye unajua kisu yote ya hapa," akamwambia. "Angalia hii kamba. Kisu hii ni ya Monga. Utuambie kama njo ilikata."

Papa Numbi aliigeuza kamba juani. Sehemu kubwa, kama theluthi mbili, ilikuwa imekatwa safi, nyuzi zote sawa. Iliyobaki ilichanika kwa uzito. Kisha akapitisha kidole kwenye kisu cha Monga. Kilikuwa butu, na mapengo mawili.

"Hii haiwezi," akasema. "Hapa palipita kisu yenye kunolewa sana."

Nami, mwanangu, nikasogea nikaitazama ile kamba, na unajua nilisema nini? Nilisema, "Vraiment, Papa, kweli kabisa. Kama kisu ya kwetu." Tena kwa majivuno.

Papa Numbi akaniangalia, akaangalia kamba, akaniangalia tena. Kisha akamwuliza Mama Ngoie, "Na kisu ya Banza iko wapi?"

"Iko nyumbani. Mais njo neno yenye bantu banasema: ile kisu ililala kwetu imenolewa, na Monga alikuya pale magaribi. Banasema alikamata ile ile ya kaka yake, akakata kamba nusu, akaacha."

"Bon. Tunaenda," akasema Papa Numbi, akanigeukia, akaniita kwa jina langu halisi, si Mama Sumaku. "Mado, chukua maji. Na weye unaenda."

Tulipata lori lililokuwa likielekea Kabongo. Njia nzima sikutulia. Nilimwuliza Mama Ngoie maswali mia: nani alilala karibu, kamba ilitundikwa wapi, Monga alikuja na nani, alikaa muda gani. Nilikuwa na hamu kubwa ya kumjua mwovu. Nilijiona kwamba mimi, Mama Sumaku, nitatambua jambo ambalo wazee wote hawakuliona. Papa Numbi alishika ile kamba magotini akitazama porini, na mimi nikadhani anafikiri. Leo najua alikuwa akiningojea.

Tulimkuta Banza kwenye mkeka uani, mguu umefungwa kwa vijiti, uso umepauka. Wazee walikaa upande mmoja. Monga alikaa mbali, peke yake, karibu na banda la mbuzi, na watoto wake walimzunguka bila kucheza. Mama yao, kikongwe mwembamba sana, alikaa mlangoni. Pembeni yake palikuwa na sahani ya bukari, ndio ugali wetu, na mboga za majani, imefunikwa, imepoa. Mama Ngoie akanielezea kwa sauti ndogo kwamba chakula hicho kimeletwa na mke wa Monga, na kwamba tangu siku ya ajali yule mama amekataa kuonja kitu chochote kutoka nyumba hiyo. Mwanangu, kuna kufukuzwa na wazee, na kuna kukataliwa chakula na mama yako. Hilo la pili sijui mtu analibebaje.

Papa Numbi aliwasalimia wazee kwa zamu, akakaa chini karibu na mkeka.

"Banza, sahau bantu bote benye iko hapa," akasema. "Uko juu ya muti. Onyesha na mukono."

Banza akatabasamu kwa maumivu. "Papa, minyi iko mugonjwa, weye unaniomba mchezo?"

"Onyesha, mwana."

Basi Banza, amelala chali, akanyanyua mikono. Wazee wakaguna. Mimi safari hii sikucheka, kwa kuwa nilitaka kujua. Alizungusha kamba kwenye mti na kiunoni kwake, akaivuta, akaegemea nyuma. Akatoa kisu mgongoni, akakata makuti, akakata tena. Sasa mkungu ulikuwa umelegea, na mkungu wa chikichi una miba, unautoa kwa mikono miwili. Kisu anakiweka wapi mtu aliye juu ya mti, mikono miwili ina kazi? Nikainama nione. Mkono wake wa kulia ukashuka mpaka tumboni, ukakiegesha kisu juu ya kamba yenyewe, kati ya kamba na kifua, akakibana hapo kwa kukilemea kwa kifua. Na sehemu ya kisu iliyolala juu ya kamba ilikuwa ile iliyo karibu na mpini. Upana wa vidole vinne.

Sikuhitaji kuonyeshwa mara ya pili. Niliona asubuhi yangu yote kwenye jiwe, nikaona unywele unavyokatika bila kuvutwa. Nilimtazama Papa Numbi, naye alikuwa akitazama mikono yake mwenyewe. Hakuna mtu mwingine aliyejua. Kisu kilikuwa ndani ya nyumba, bado kwenye kitambaa walichokifungia baada ya ajali, na wazee si wahunzi. Nisingesema, kamba ile ingebaki na Monga mpaka kaburini. Na usidhani sikuliwaza hilo. Nililiwaza. Nilifikiria jiwe langu, jina langu, aibu ya Papa Numbi mbele ya watu wote hao. Nilifikiria baba yangu. Kwa muda wa kumeza mate mara mbili tatu nilikuwa mtu mbaya kabisa, nakuambia kweli.

Kisha mtoto mmoja wa Monga akakohoa, na mama yule mlangoni akageuza uso ili asimtazame mjukuu wake.

Nikasimama. "Bazee, Monga hakukata kitu," nikasema. "Njo minyi nilikata ile kamba."

Nikaomba kisu kiletwe, nikakifungua kitambaa mbele yao, nikawaonyesha sehemu ile, na wenye macho wakaona makali mapya yalivyotofautiana na ya zamani. Nikaeleza yote: kwamba Mama Ngoie aliomba kidogo, nikafanya kingi; kwamba nilidhani sehemu butu ni uvivu wa mtu; kwamba sikumwuliza mtu yeyote. Nililia, na sikuona haya kulia. Mzee mmoja akasema kwamba msichana huyu ameletwa na mjomba wake kumkinga Monga. Papa Numbi akachukua kipande cha kamba, akakivuta baina ya mikono yake, akakiegesha kisu juu yake pale pale alipoonyesha Banza, akalemea kidogo tu kwa kifua. Nyuzi zikaanza kukatika, safi, moja baada ya nyingine, na yule mzee akaitikia kwa kichwa.

Banza alikuwa wa kwanza kuzungumza. Hakunitazama mimi. Aligeuza shingo kwa taabu akamtafuta mdogo wake kule kwenye banda.

"Mudogo yangu," akasema, "na minyi niliamini. Unisamehe."

Monga akasimama kutoka kati ya watoto wake. Mama yao mlangoni alivuta ile sahani iliyopoa, akaifunua.

"Monga," akaita, "kuya tukule. Niko na njala."

Nimeona mambo mengi maishani, nimezika mume, nimepokea wajukuu, lakini sijaona kitu kama mtu mzima yule akipiga magoti mbele ya mama yake, akimega bukari iliyopoa. Mimi nilisimama pale na kisu mkononi sijui nikiweke wapi.

Jioni ile hatukupata lori, tukatembea hadi njia kuu. Nilingoja nigombezwe. Nilitamani nigombezwe. Tulipofika barabarani ndipo alipotua mzigo wake.

"Weye unajua kunoa sana," akasema. "Kushinda minyi. Mais kuacha njo haujue."

"Papa, nilifikiri ulisahau pale."

"Minyi nilikaa siku mbili nikifikiri ile pahali. Nilimwona mukono yake, nikaacha vidole ine. Kuacha pale kulinipa kazi kushinda kunoa kisu muzima." Akautwaa tena mzigo wake. "Weye, Mama Sumaku, unaulizaka moto, unaulizaka chuma. Bantu, hauulizake. Bantu nao iko na majibu."

Hakuniondoa kwenye jiwe. Kesho yake aliniwekea kile kisu cha Banza, tulichorudi nacho, akaniagiza niyaue makali niliyoyatoa. Nikagundua, mwanangu, kwamba chuma kilichoondoka hakirudi. Nilisaga ukingo ule mpaka ukawa butu tena, lakini ulikuwa mwembamba sasa, na Papa Numbi alisema hauwezi kuaminiwa juu ya kamba. Alifua kingine. Mguu wa Banza ulipona lakini ulipinda, na mtu wa mguu uliopinda hakwei mchikichi. Alibaki chini, akawa mkamuaji wa mawese, na Monga akakwea miti ya wote wawili. Watu walisema Banza alinisamehe, na ni kweli alinisamehe. Hata hivyo, kila msimu wa chikichi nilipomwona akitazama juu, nilijua ni nini nilichomwondolea. Msamaha ni kitu kizuri sana, lakini haunyooshi mfupa.

Baada ya hapo udadisi wangu uligeuka njia. Nilianza kukaa na wateja. Niligundua kwamba mwanamke wa shamba anataka mgongo wa kisu chake uwe na pembe kali, kwa sababu anatumia mgongo kukwangua udongo kwenye muhogo. Niligundua mvuvi mmoja aliyekata alama kwenye mpini wake ili kidole kijue mahali pake mikono ikiwa na utelezi wa kambale. Mpishi mmoja wa Base alinoa upande mmoja tu, nikauliza, kumbe anatumia mkono wa kushoto. Kila kilichoonekana kuwa kasoro kilikuwa na mwenyewe na sababu yake. Si kila mara, usinielewe vibaya. Viko visu vingine ambavyo ni uvivu mtupu, na mwenyewe atakuambia hivyo akicheka. Lakini hata hilo hulijui mpaka umeuliza. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na kisu usichokifanyia kazi hujui ubutu wake una maana gani.

Sasa nisikilize, maana nimefika nilikokuwa nikienda. Ninyi vijana mna mashine za kusagia chuma zinazokula umeme wa jua, zinatoa cheche, na kazi niliyoifanya asubuhi nzima mnaimaliza kabla chai haijapoa. Sina ugomvi nazo. Ningekuwa na nguvu ningenunua moja. Lakini mashine inaharakisha mkono, haiharakishi akili, na mwenye kukosea kwa haraka ana muda mchache wa kujizuia. Ukikuta kitu cha mtu kimeachwa namna fulani, kiwe kisu, kiwe shamba, kiwe ndoa ya jirani, usianze kukinyoosha kwa sababu tu mkono wako unajua kunyoosha. Mwulize mwenyewe: hapa pameachwa kwa nini? Kuuliza si ujinga. Ukiombwa kidogo, fanya kidogo. Bidii isiyoombwa ni mgeni anayepanga upya nyumba ya watu.

Na la pili, ambalo ni zito kuliko la kwanza. Utakosea. Hata ukiuliza, kuna siku utakosea, kwa kuwa unafanya kazi, na asiyekosea ni yule anayelala. Siku hiyo kosa lako linaweza kumkalia mtu mwingine kichwani, na utaona wazi kwamba ukinyamaza wewe utapona. Usingoje uwe jasiri, maana mimi sikuwa jasiri. Simama tu useme "njo minyi." Maneno mawili, na yanaumiza ulimi. Lakini kuna mama mahali fulani hawezi kula mpaka uyaseme.

Haya, nyanyuka sasa, miguu imekufa ganzi na mimi nimesema mpaka koo limekauka. Vidye Mukulu, Mungu Mkuu, akupe mkono unaojua na jicho linaloangalia kwanza. Akupe wateja wenye subira, na akunyime sifa zinazokuja mapema. Kazi yako imlishe aliyeinunua na imrudishe nyumbani mzima. Na siku utakayokosea, Mungu akupe sauti kabla chakula cha mtu hakijapoa.